Ya kuwaambia Wazungu na ya kuambiana wenyewe

Baada ya Isha, baraza ya nyumba yetu hapa Kibokoni, Mombasa, haikosi watu. Muuza kahawa hutua dele lake chini, makaa yakiwa bado mekundu, na vikombe vikaanza kuzunguka. Mazungumzo huanza na mpira, yakapitia bei ya unga, na Ami akiwepo huishia kwenye Uislamu na Magharibi. Ami ni ndugu wa marehemu baba yangu. Ni mtu wa kusoma. Chumba chake kimejaa vitabu vya Kiarabu na Kiswahili mpaka kitandani.

Mwaka jana mdogo wangu alikuja likizo kutoka Ujerumani, anakofanya kazi ya kuandika programu za kompyuta. Usiku wa pili tu, Ami akamwanza.

"Mwanangu, hiyo algorithimu inayokulisha kule, unajua ni jina la nani? Ni al-Khwarizmi, Muislamu wa Baghdad. Wazungu walichukua elimu yetu, wakafuta majina, kisha wakatuuzia."

Mdogo wangu aliweka kikombe chini. "Niwie radhi, Ami. Al-Khwarizmi ana karibu miaka elfu na mia mbili tangu afe. Baada yake tumefanya nini? Ibn Rushd aliandika, sisi wenyewe tukavichoma vitabu vyake. Waliotuchelewesha si Wazungu. Ni sisi, na hivi tunavyoishika dini."

Baraza nzima kimya. Neno kama hilo huku kwetu halitamkwi mbele za watu, tena kijana akimwambia mzee. Ami hakupandisha sauti. Alitazama chini, akasema taratibu, "Ndiyo wanayowafundisha huko." Muuza kahawa akapitisha sahani ya kashata, na mtu akarudisha habari za mpira.

Usiku ule nilichelewa kulala. Mimi ni mwalimu wa historia, na kubishana kwao hakukunishangaza. Kilichoniweka macho ni kwamba ubishi ule nilikuwa naujua hoja kwa hoja. Ulikwisha kufanyika Paris mwaka 1883, gazetini, mbele ya kila aliyejua kusoma Kifaransa.

Tarehe 29 Machi mwaka huo, Ernest Renan, mwanazuoni wa Kifaransa, alisimama Sorbonne, chuo kikuu cha Paris, akatoa mhadhara juu ya Uislamu na sayansi. Renan hakuwa mropokaji. Mwaka 1852 alikuwa ameshatoa kitabu kizima juu ya Ibn Rushd, mwanafalsafa Muislamu wa Córdoba wa karne ya 12. Siku ile alisema kwamba Uislamu ni pingu ya akili. Alisema ile iitwayo sayansi ya Waarabu, cha Kiarabu ndani yake ni lugha tu, kwani wenye kuifanya walikuwa Waajemi, watu wa Hispania na Wakristo wa Syria. Na kwamba ilistawi kwa kuikwepa dini, wala haikusaidiwa na dini. Kesho yake maneno hayo yakatoka katika gazeti la Journal des Débats.

Miaka miwili kabla ya hapo Ufaransa ilikuwa imeshaitia Tunisia mkononi. Mwaka 1882 majeshi ya Uingereza yaliingia Misri. Kila nikiusoma mhadhara ule, hayo hayaniondoki kichwani. Mtu akikwambia huna akili huku nduguye anakuvunjia mlango, huwezi kuyapokea maneno yake kama elimu tupu.

Aliyemjibu Renan ni Jamal al-Din al-Afghani, mwanazuoni aliyezunguka nchi za Kiislamu akiwahimiza Waislamu waamke. Mzaliwa wa Iran, alijiita Mwafghani ili Masunni wamsikilize. Alikuwa amefukuzwa Misri mwaka 1879 na wakati ule alikuwa Paris. Yeye na Renan walikuwa wameshaonana uso kwa uso miezi michache nyuma. Jibu lake lilitoka tarehe 18 Mei, katika gazeti lile lile.

Kuna hoja moja ndani ya jibu hilo ambayo wanafunzi wangu huipenda kuliko zote. Afghani alimkumbusha Renan kwamba Aristotle alipokuwa Mgiriki, jirani yao wa karibu, watu wa Ulaya hawakuwa na habari naye. Walimpokea baada ya kuhama kwao na kugeuka Mwarabu. Akasema pia kwamba Ukristo umeutangulia Uislamu kwa karne nyingi, basi Waislamu nao wapewe muda wao. Hapo Ami angepiga goti kwa furaha.

Lakini jibu halikuishia hapo. Afghani alikiri. Aliandika waziwazi kwamba ni kweli Uislamu, kila uliposhika hatamu, ulijaribu kuizima sayansi, na kwamba dini zote zina tabia hiyo, kila moja kwa namna yake. Siku iliyofuata Renan alimjibu kwa heshima kubwa, akasema kwamba alipozungumza naye alijiona kama yuko mbele ya Ibn Sina, yule tabibu na mwanafalsafa, au Ibn Rushd aliyefufuka.

Muhammad Abduh, mwanafunzi mkubwa wa Afghani, alikuwa uhamishoni Beirut. Habari zilipofika kwamba ustadhi wao amemjibu Mfaransa, watu walitaka jibu litafsiriwe kwa Kiarabu. Kisha Abduh akapata kujua hasa lililomo. Akaizuia tafsiri, na mwezi Juni akamwandikia mwalimu wake kumweleza, akimshukuru Mungu kwamba gazeti lile lilikuwa halijawafikia watu kwa Kiarabu. Basi ikawa hivi: msomaji wa Paris aliyasoma maneno ya Afghani yote, makali na matamu. Msomaji wa Beirut au Cairo, ambaye ndiye mwenye nyumba iliyokuwa ikizungumzwa, aliambiwa tu kwamba sheikh ameitetea dini.

Nimelifikiria jambo hili miaka mingi, na kila mara moyo wangu unavutwa huku na huku. Abduh simlaumu kwa wepesi. Nchi yake, Misri, ilikuwa imekaliwa miezi michache tu nyuma, na kumpa adui fimbo ya kukupigia si jambo dogo. Lakini wahenga wetu walisema mficha uchi hazai. Nadhani tangu siku ile mjadala wa Uislamu na Magharibi umeota tabia ya kuwa na maneno ya nje na maneno ya ndani. Kwa mgeni tunasema hili, kwetu tunasema lile, na kila upande unasikia nusu. Hayo ndiyo ninayoyaona ugonjwa wenyewe, kuliko kile kinachoitwa mgongano wa ustaarabu, ambao tangu Mmarekani Samuel Huntington aandike mwaka 1993 kila mtu anao mdomoni.

Maana ukiingia kwenye historia yenyewe, migongano ipo, lakini ni vigumu sana kuona mpaka uko wapi. Nitaeleza kwa daftari la bibi yetu.

Bibi, mama yake Ami, alikuwa na biashara ya kofia za vito. Yeye aliwagawia wanawake wa mtaa nyuzi na vitambaa, wakashona, akaziuza. Hesabu zote alizitia katika daftari moja jekundu, kwa Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu: nani kachukua bunda ngapi za uzi, nani kaleta kofia, nani anadaiwa. Mdogo wangu alipoanza shule alipenda kukaa ubavuni pake akijidai karani. Siku moja akasoma, "Bibi, huyu unamdai shilingi 10." Bibi akacheka. "Kumi na tano, mume wangu." Katika tarakimu za Bibi, tano ni kiduara, na sifuri ni kinukta tu. Mtoto aliona kijiti na kiduara, akasoma kumi.

Tarakimu za Bibi na za shuleni ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Asili yao ni India. Baghdad zilipata kitabu cha al-Khwarizmi, kisha baadhi zikabaki mashariki na baadhi zikaelekea magharibi, kila moja ikabadilika sura njiani. Ulaya zilivuma zaidi kupitia kijana wa Pisa aitwaye Leonardo, yule wanayemwita Fibonacci, ambaye baba yake alikuwa na kazi katika forodha ya Bugia, Algeria ya leo. Alijifunza hesabu pale bandarini, kama ambavyo kijana wa Mombasa angejifunza Kigujarati dukani kwa Mhindi, na mwaka 1202 akaandika kitabu. Wenzake hawakuzipokea kwa mikono miwili. Mwaka 1299 chama cha wabadilisha fedha wa Florence kiliwapiga marufuku wanachama wake kuzitumia katika vitabu vya hesabu. Leo hakuna anayeziona ngeni. Sisi tunasema sifuri, wao wanasema *zero*, na maneno yote mawili yametoka katika *sifr* la Kiarabu.

Kwa hiyo Ami alikosea aliposema majina yalifutwa. Hawakuyafuta, yaliwapinda ulimi tu. Al-Khwarizmi akawa Algoritmi, Ibn Sina akawa Avicenna, Ibn Rushd akawa Averroes, na kitabu cha tiba cha Ibn Sina kilisomeshwa katika vyuo vikuu vya Ulaya mpaka karne ya 17. Gerard wa Cremona alifunga safari kutoka Italia hadi Toledo kutafuta kitabu kimoja tu cha falaki, Almagesti. Alipoona utajiri wa vitabu vya Kiarabu uliokuwa pale hakuondoka. Kufikia kufa kwake mwaka 1187 alikuwa ametafsiri zaidi ya 70. Mtu hapotezi umri wake hivyo kwa kitu anachokidharau.

Na ile "elimu yetu" haikuwa yetu peke yetu. Mfasiri mkuu wa tiba ya Kigiriki kule Baghdad, Hunayn ibn Ishaq, alikuwa Mkristo. Thabit ibn Qurra, mwanahisabati, alikuwa Msabii wa Harran, mtu wa dini ya kale ya nyota. Waliofanya kazi hiyo walilipwa na makhalifa na matajiri wa Kiislamu, tena walilipwa vizuri. Kwangu mimi huo ni utukufu mkubwa kwa Uislamu wa zama zile kuliko kudai kwamba kila jambo lilifanywa na Muislamu. Renan aliiona picha hiyo hiyo ya watu mchanganyiko akaitumia kuunyima Uislamu sifa. Mimi naitazama nikauliza: ni mji gani mwingine wa karne ya 9 uliowakusanya watu hao wote mezani?

Mdogo wangu naye alisema nusu. Ni kweli mwaka 1195 Ibn Rushd alifukuzwa Córdoba na vitabu vyake vya falsafa vikatiwa moto. Lakini ni khalifa wa Kiislamu aliyemtaka amfafanue Aristotle, na Ibn Rushd mwenyewe alikuwa kadhi, wa Seville kisha wa Córdoba, akihukumu talaka na mirathi mchana na kuandika falsafa usiku. Alisamehewa kabla ya kufa Marrakesh mwaka 1198. Na miaka 79 baada ya hapo, mwaka 1277, askofu wa Paris alipiga marufuku kauli 219, nyingi zikitokana na mafundisho ya Aristotle na ya wafuasi wa fikra za huyo huyo Ibn Rushd. Waliomwogopa walikuwa pande zote mbili za bahari.

Hayo yote Ami anayajua, au angeyakubali kama angeyasikia mahali pengine. Lakini kuna jambo ambalo vitabu havilitibu. Siku moja, mimi nikiwa darasa la 6, Ami alimpeleka Bibi kwenye ofisi moja mjini kutia sahihi karatasi, nami nikafuatana nao. Karani akauliza, "Anajua kuandika?" Bibi akachukua kalamu, akaandika jina lake na la baba yake kwa herufi za Kiarabu, mwandiko wake ule uliolala kama mawimbi. Karani akatikisa kichwa. Akaleta kidau cha wino, akamshika Bibi kidole gumba, akakibonyeza kwenye karatasi, na pembeni akaandika: hajui kusoma wala kuandika. Bibi alikaa njia nzima akifuta wino ule kwa pembe ya leso, na hakusema neno mpaka tukafika nyumbani. Ami naye hakusema. Ninapomsikia barazani akihesabu majina ya wanazuoni wa Baghdad, mara nyingi naona anamjibu karani yule.

Mtu aliyenionyesha kwamba mjadala huu unaweza kuendeshwa namna nyingine ni wa hapa hapa Mombasa. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alizaliwa mwaka 1891, katika ukoo ulioutawala mji huu mpaka mwaka 1837. Alikuwa na miaka minne tu wakati Mbaruk bin Rashid, wa ukoo huo huo, alipoinua silaha dhidi ya Waingereza mwaka 1895. Kama ni kinyongo, alikuwa na haki nacho kuliko wengi. Fikra za Afghani zilimfikia kwa njia ndefu: kutoka kwa Abduh kwenda kwa mwanafunzi wake Rashid Rida, na kutoka kwa Rida kupitia al-Manar, jarida lililokuwa likitoka Cairo tangu mwaka 1898 na kusafiri hadi bandari zetu.

Mwaka 1930 Sheikh akaanzisha gazeti lake dogo, Sahifa, na mwaka 1932 likafuata al-Islah. Aliandika kwa Kiswahili. Hilo ndilo ninalotaka lionekane. Hakuandika kwa Kiingereza ili Gavana aone kwamba Waislamu nao wana hoja. Aliandika ili mchuuzi wa samaki asomewe dukani. Na aliyoyaandika yaliuma: kwamba tunaiga kwa Wazungu ulevi na anasa, tunaacha bidii yao, umoja wao na elimu yao, kwamba tumelala, na aliyetulaza si mwingine. Papo hapo aliwaonya watu wasidhani kila lenye asili ya Ulaya ni maendeleo. Upanga wake ulikata kuwili, na wote waliosimama mbele yake walikuwa watu wa nyumbani kwake.

Sikubaliani naye kwa kila kitu. Alizikemea baadhi ya mila ambazo mimi nimelelewa nazo na nazipenda, na naona alizihukumu kwa ukali kupita kiasi. Wala sisahau kwamba alipokuwa kadhi wa Mombasa, kisha tangu mwaka 1937 Kadhi Mkuu wa Kenya, alikuwa chini ya serikali ya kikoloni. Lakini hakuwa na maneno mawili. Lililokuwa moyoni mwake lilikuwa gazetini, kwa lugha ya mama zetu.

Alifariki mwaka 1947 na kumwacha mwanawe Ali, kijana wa miaka 14. Hadithi ya Ali Mazrui wengi wanaijua: mitihani haikumwendea vizuri, akapata kazi ya ukarani, kisha hotuba aliyoitoa siku ya Maulidi ikasikiwa na Gavana Philip Mitchell, na mlango wa Uingereza ukafunguka. Mwaka 1955 alikuwa Huddersfield. Akaja kuwa profesa Makerere, kisha Marekani. Mwaka 1986, katika vipindi vyake vya televisheni, alisema Mwafrika ana urithi wa aina tatu: wa asili yake, wa Uislamu na wa Magharibi. Lynne Cheney, aliyekuwa akiongoza mfuko wa serikali ya Marekani wa masomo ya utu uliochangia gharama, alitaka jina la mfuko liondolewe kwenye vipindi hivyo kwa kuviona vinaishambulia Magharibi. Na ilipozuka fitina ya riwaya ya Salman Rushdie mwaka 1989, ambayo Waislamu wengi waliiona inamtukana Mtume, Mazrui aliilaani riwaya na papo hapo akaikataa hukumu ya kumuua mwandishi. Wamarekani hawakupenda la kwanza, Waislamu wengi hawakupenda la pili. Aliyasema yote mawili kwa sauti ile ile.

Oktoba 2014 alirudishwa Mombasa, akazikwa katika makaburi ya Mazrui, karibu na Fort Jesus. Nilikwenda mazikoni. Ami alikuwepo, akilia.

Usiku wa mwisho kabla ya mdogo wangu kuondoka, niliwasimulia barazani habari ya Paris. Ami alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu.

"Abduh aliizuia tafsiri?"

"Aliizuia."

Akanyamaza. Mdogo wangu ndiye aliyesema. "Kaka, nikwambie ukweli. Kule kazini mimi ndiye Ami. Wakianza mambo yao wakati wa chakula, Uislamu hivi, Uislamu vile, mimi ndiye ninayewahesabia al-Khwarizmi na Hunayn na Toledo. Yale niliyomwambia Ami hapa, kule sijayatamka hata siku moja."

"Kwa nini?" Ami akamuuliza.

"Kwa sababu watayashika yale tu, Ami. Mengine hawatayasikia."

Ami alizungusha kikombe chake kitupu. "Msikiti wetu ulipokarabatiwa," akasema, "mimi nilikuwa kwenye kamati. Niliona kile chumba cha juu kiwe maktaba. Vijana wakae, wasome. Wenzangu wakataka fedha ziende kwenye marumaru na mazulia. Nikanyamaza, nisije kuonekana mpinzani. Sijamwambia mtu mpaka leo."

"Maktaba ya vitabu gani, Ami?"

"Vyote."

"Na vya huko kwangu?"

"Vyote, mwanangu. Na vya huyo Renan."

Muuza kahawa alikuwa ameshabeba dele lake anakunja kona. Ami akampigia kelele arudi.